Njia salama za miguu na baiskeli pembezoni mwa Dar es Salaam: mwongozo kamili kwa kamati ya mtaa

Goba, Bonyokwa, Kinyerezi, Chanika, Chamazi, Kigamboni: huku ndiko Dar es Salaam inakokua, na huku nyumba hutangulia barabara. Watu hununua viwanja, hujenga, huachiana upenyo kati ya kuta, na kwa miaka mingi njia hiyo ya vumbi huwatosha wote, wa miguu, wa baiskeli na wa gari, kwa kuwa mashimo yenyewe hayamruhusu dereva kukimbia. Siku greda likija na lami ikamwagwa kila mtu hushangilia, na ana haki ya kushangilia. Lakini lami hiyo hiyo huondoa mashimo yaliyokuwa yakipunguza mwendo, mtaro wazi huchimbwa pale walipokuwa wakipita watoto, na haipiti muda mrefu mwanafunzi wa darasa la pili anatembea kwenye ukingo wa lami huku daladala ikimpitia ubavuni.

Mwongozo huu ni wa kamati ya mtaa, diwani, mwalimu mkuu, fundi, au mkazi yeyote anayetaka jambo hilo lisitokee kwao, au lirekebishwe pale lilikokwisha kutokea. Nitakalolisisitiza tangu mwanzo ni hili: njia salama ya miguu haibandikwi barabara ikishakwisha. Hupatikana au hupotea mapema, kwenye mchoro wa viwanja, kwenye muundo wa mtaro na kwenye makisio ya bajeti. Mkifika wakati mkandarasi ameshaweka kambi, mmebaki na kuomba.

Hatua ya 1: Jueni barabara ni ya nani

Barua nyingi za wananchi hukwama kwa sababu zimepelekwa ofisi isiyohusika. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za mitaa, yaani nyingi mnazozitumia kila siku, ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa 2017. Ukanda wa mabasi ya mwendokasi una DART. Halmashauri, ya jiji au ya manispaa, haijengi tena barabara hizo, lakini ndiyo yenye afisa mipango miji, afisa ardhi na Baraza la Madiwani, kwa hiyo bado ina sauti kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Muulizeni Mtendaji wa Mtaa, au nendeni moja kwa moja kwa Meneja wa TARURA wa wilaya, mkiwa na jina la barabara, inakoanzia na inakoishia. Ulizeni mambo matatu: iko daraja gani, hifadhi yake ina upana gani, na kama imo kwenye mpango wa kujengwa au kukarabatiwa. Kwa barabara kuu na za mkoa, hifadhi kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya 2007 ni mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Za mitaa ni nyembamba zaidi na hutofautiana, ndiyo maana lazima muulize kisha mwende wenyewe na futi kupima. Mara nyingi mtakuta nafasi ipo. Imekaliwa na kifusi, ngazi za fremu za maduka, au nguzo iliyochomekwa katikati.

Hatua ya 2: Fuateni miguu ya watu

Kabla ya kuchora chochote, angalieni watu wamechora wapi tayari. Pembezoni mwa mji kila eneo lina njia zake zilizokanyagwa: ya mkato nyuma ya msikiti, ya kushukia bondeni na kupandia upande wa pili, ya kupenya kati ya ukuta wa shule na kiwanja kisichojengwa. Njia hizo zimepatikana kwa miaka ya watu kukwepa jua, matope, mbwa na kona zenye giza. Mhandisi anayepanga kwa kutazama lami peke yake hazioni, na matokeo yake ni njia nzuri ya pevingi ambayo watu hawaipiti kwa sababu inazunguka.

Ramani ya kuanzia ipo bure. Mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, ukiwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora kata za Dar es Salaam kwa ajili ya kukabili mafuriko, uliingiza kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, mitaro, vichochoro na majengo kwa undani ambao miji mingi ya ukubwa huu haina. Chapisheni eneo lenu kwenye karatasi kubwa, wekeni alama za shule, zahanati, soko, misikiti na makanisa, bomba la maji na vituo vya daladala, kisha mtembee. Tembeeni na watu wanaotumia njia: mama anayeuza samaki, mwanafunzi, mzee, kijana mwenye kitimwendo, mwendesha guta. Chama cha waendesha baiskeli cha UWABA kimekuwa kikipigania jambo hili Dar es Salaam kwa miaka mingi, na ni jamaa wa kuwashirikisha mapema.

Tembeeni mara mbili: mara moja asubuhi watu wakiwahi kazini, na mara moja baada ya magharibi. Wanawake watawaonyesha usiku mambo yasiyoonekana mchana. Kama mko kwenye vilima vya Goba, Makongo au Kimara, rudini tena mvua ikinyesha. Njia iliyo salama mwezi wa nane inaweza kuwa korongo mwezi wa nne.

Hatua ya 3: Hesabuni watu

Ofisini, malalamiko husomwa na kuwekwa kando, hesabu hujibiwa. Kaeni sehemu moja, watu wawili kila upande wa barabara, kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, kisha wakati shule zinapofungwa, kisha saa 10 jioni hadi saa 1 usiku. Andikeni kwa vijiti, kila kundi na safu yake: watoto wa shule, watu wazima, wazee, wenye ulemavu, waliobeba mizigo, baiskeli, maguta na mikokoteni, bodaboda na bajaji, daladala, magari madogo, malori. Fanyeni siku mbili za kazi na siku moja ya soko au ya ibada.

Hesabuni kando pia wanaovuka barabara na mahali hasa wanapovukia. Hii ndiyo hesabu inayosahaulika, na ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, kwa kuwa ndiyo itakayoamua kivuko kikae wapi.

Hatua ya 4: Chora ramani ya hatari

Kituo cha polisi kitengo cha usalama barabarani kina kumbukumbu za ajali zilizoripotiwa. Zahanati ina za majeruhi waliofika, wakiwa na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, au bila. Lakini ajali nyingi ndogo hazifiki popote: mtoto aliyetumbukia mtaroni, bibi aliyekwanguliwa na bajaji, mwendesha baiskeli aliyeangukia kokoto. Hizo zipo kwenye kumbukumbu za watu. Kwenye mkutano wa mtaa tandazeni ile ramani, wapeni watu maharage ya rangi mbili, moja la mahali palipotokea ajali, jingine la mahali palipobakia kidogo itokee. Ndani ya saa moja mtaona marundo matatu au manne. Kwa kawaida hukaa kwenye makutano, kwenye kituo cha daladala, mlangoni mwa shule, na kwenye kalavati pale barabara inapobanwa ghafla na mtu wa miguu akalazimika kupanda kwenye lami.

Hapo kwenye kalavati patazameni kwa jicho kali. Njia ya miguu ya kilomita moja inayokatika mita sita juu ya kalavati haina tofauti na njia isiyokuwepo, maana katika mita hizo sita ndipo mtu hukutana na lori.

Hatua ya 5: Chagueni njia moja na muimalize

Kishawishi ni kugawa fedha kidogo kidogo ili kila balozi wa nyumba kumi apate chake. Msikubali. Chagueni mnyororo mmoja wenye watu wengi na hatari nyingi, kwa mfano kutoka shule ya msingi, kupita sokoni, hadi kituo cha daladala, na muufanye uwe salama mwanzo hadi mwisho. Watu wakiuona unavyofanya kazi, mtaa wa pili utaudai wenyewe.

Ukanda wa mwendokasi wa Morogoro Road, kutoka Kimara hadi Kivukoni, ulioanza kutoa huduma 2016, ulijengwa pamoja na njia za miguu na za baiskeli, na Dar es Salaam ikapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya 2018. Lakini abiria wa Kimara hakai juu ya ukanda. Anakaa kilomita mbili ndani, kilimani, na hizo kilomita mbili ndizo zenye giza na mtaro wazi. Mkichagua pa kuanzia, fikirieni hicho kipande cha mwisho cha kurudi nyumbani.

Hatua ya 6: Punguzeni mwendo wa magari

Kama fedha zinatosha jambo moja tu, liwe hili. Gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Dereva aliye macho hutumia kama sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki, kisha gari huhitaji mita nyingine 14 kusimama kwenye lami kavu: jumla mita 28. Kwenye kilomita 30 jumla hiyo hushuka hadi kama mita 13. Mtoto aliyejitokeza mita 20 mbele atakoswa na gari kama lilikuwa na 30, na atagongwa kama lilikuwa na 50. Na akigongwa, mwili wa binadamu huhimili pigo la kilomita 30 mara nyingi. La 50 huua mara nyingi zaidi. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilizitaka nchi kuweka kikomo cha kilomita 30 mahali magari yanapochanganyika na watu wa miguu na baiskeli. Sheria yetu ya Usalama Barabarani inaruhusu 50 maeneo ya makazi, lakini kibao cha kikomo cha chini zaidi kinaweza kuwekwa, na mnapaswa kukidai kuzunguka shule, zahanati na masoko.

Kibao peke yake hakitoshi. Barabara yenyewe imlazimishe dereva. Zana ni hizi:

Tuta pana lenye mgongo bapa, kimo cha sentimita 8 hadi 10, kivuko kikichorwa juu yake. Mtu anavuka bila kushuka, na kitimwendo kinapita bila kunyanyuliwa. Haya ni bora kuliko matuta makali ya kienyeji ambayo wananchi huyajenga wenyewe kwa hasira baada ya msiba. Hayo huvunja magari, hayana alama, na bodaboda huyakwepa kwa kupita pembeni, yaani pale pale mtoto anapotembea. Tuta lifike ukingo hadi ukingo, huku maji yakiachiwa bomba chini yake.

Barabara nyembamba. Njia moja ya gari ya mita 3 inatosha mtaani. Kila nusu mita mnayoiongeza kwa lengo la kumfurahisha dereva inamwongezea mwendo, na mmeitoa kwa anayetembea.

Kona fupi kwenye makutano. Kona pana humruhusu dereva kukata bila kupunguza. Kona fupi humlazimisha akanyage breki, na pia hufupisha safari ya anayevuka.

Hapa Dar es Salaam tuna ushahidi wetu. Shirika la Amend lilianza na shule za msingi zilizokuwa na watoto wengi wanaoumizwa barabarani, likapima mazingira yake na kuweka njia za miguu, matuta, vivuko, nguzo za kuzuia magari na alama, na penye haja kuhamishia geti upande wenye utulivu. Hakuna kilichokuwa cha gharama kubwa. Utafiti uliofuatilia kazi hiyo uliona majeraha yakipungua kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 mpango wenyewe, SARSAI, ulishinda tuzo ya miji ya WRI Ross. Waombeni wataalamu wa halmashauri wautazame kabla hawajawaambia kuwa hakuna fedha.

Hatua ya 7: Njia yenyewe, na mtaro unaoweza kuibeba

Upana wa kutembea uliobaki wazi, baada ya kutoa nguzo za umeme, miti na vibao, uwe mita 2. Mita 1.8 ndiyo inayoruhusu vitimwendo viwili kupishana, kwa hiyo msishuke chini yake isipokuwa kwa hatua chache pasipo na budi. Karibu na soko au kituo, takeni mita 3 au zaidi. Inua njia kama sentimita 15 juu ya lami, na kila panapovukwa ishushwe kwa mteremko usiozidi sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu. Uso uinamie kidogo tu kuelekea mtaroni, sentimita 2 kwa kila mita, maji yatoke bila kumvuta mwenye magongo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 iko upande wenu katika hili. Itajeni kwenye barua.

Mahali geti la nyumba linapotoka, gari ndilo lipande na kushuka, njia ya miguu ibaki tambarare. Mafundi wengi hufanya kinyume, na mnaishia na njia inayopanda na kushuka kila mita 15 ambayo hakuna mzee atakayeipita.

Sasa mtaro. Kwenye barabara nyingi za pembezoni mtaro umekula mita nzima ambayo ingekuwa njia. Dawa ni mtaro wa zege wenye mifuniko, mifuniko hiyo ikiwa sehemu ya kutembelea. Lakini mfuniko una masharti yake. Ukiwa mzito mno hakuna atakayeunyanyua kuzoa mchanga, mtaro utaziba, na masika maji yatapita juu. Mfuniko wa sentimita 60 kwa 50, unene wa 10, una uzito wa kama kilo 72: vijana wawili wenye nguvu wanaunyanyua kwa nondo. Msitumie mifuniko ya chuma, kwa sababu wa chuma chakavu wataibeba usiku na kuacha shimo. Matundu ya kuingizia maji yawe membamba na yakingame dhidi ya mwelekeo wa tairi la baiskeli, kwani mpasuo ulionyooka na njia huimeza gurudumu.

Kwa uso wenyewe, pevingi za unene wa milimita 60 zinatosha watu na baiskeli. Penye geti la gari wekeni za 80. Faida ya pevingi ni kwamba kampuni ya maji ikija kupasua, zinang'olewa na kurudishwa, wakati zege likipasuliwa hubaki kovu. Makisio ni rahisi: pevingi ya sentimita 20 kwa 10 inahitaji 50 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo njia ya mita 300 yenye upana wa mita 2 inataka 30,000, na ziada kidogo ya zitakazovunjika. Chini yake kuwe na kifusi kilichoshindiliwa kwa mashine na tabaka la mchanga wa sentimita 3 hadi 5. Wasioshindilia wanawauzia njia itakayotitia mvua ya kwanza.

Hatua ya 8: Kivuko kikae pale watu wanapovukia

Rudieni ile hesabu ya wanaovuka. Barabara ya mita 7 mtu mzima huivuka kwa kama sekunde 6. Gari la kilomita 50 hutembea mita 83 kwa muda huo. Bibi kizee au mtoto anahitaji karibu sekunde 9, na gari limeshakula mita 125. Simameni mnapotaka kivuko, mpime dereva anaonekana kutoka umbali gani. Kama ni mita 60 tu kwa sababu ya kona au mwembe, basi ama mwendo ushuke ama kivuko kisogee hatua chache, si mbali.

Zebra ya rangi bila tuta ni ahadi ambayo dereva hajaitia saini. Iwekeeni tuta bapa, taa, na mahali pa kusimamia pakiwa wazi pande zote mbili, bila genge wala bajaji iliyoegeshwa. Barabara yenye njia mbili kila upande lazima iwe na kisiwa katikati cha upana wa angalau mita 2, ili baiskeli au mama mwenye mtoto mgongoni asimame humo salama, na mstari wa kusimama magari urudishwe nyuma mita kadhaa. Ajali mbaya kuliko zote hapo hutokea wakati gari moja limesimama kwa uungwana, la pili likalipita na kumkuta mtu katikati.

Mtapendekezewa daraja la juu. Kataeni, isipokuwa barabara ni pana na ya kasi kiasi kwamba hakuna njia nyingine. Piga hesabu: daraja la kimo cha mita 6 lenye mteremko unaofaa kitimwendo linahitaji mita 72 za kupandia na 72 za kushukia, kwa mtu anayetaka kwenda mita 20 mbele yake. Bila mteremko, ni ngazi, na mwenye kitimwendo, mjamzito na mwenye guta wameachwa nje. Ndiyo maana hata Manzese, penye daraja la miaka mingi, bado unaona watu wakivuka chini.

Kituo cha daladala kiwekwe mbele ya kivuko, kwa maana kwamba basi likisimama liwe limeshakipita. Abiria atavuka nyuma ya basi akiwa anaonekana. Kikiwa kabla ya kivuko, basi linamficha anayevuka.

Hatua ya 9: Baiskeli na maguta

Msimchanganye mwendesha baiskeli na mtembea kwa miguu kwenye njia nyembamba. Wote wawili wanaumia. Penye kilomita 30 kwa saa na magari machache, baiskeli ipite kwenye barabara pamoja na magari, hakuna haja ya njia yake. Penye 50 au malori, apewe njia iliyotenganishwa kwa ukingo wa zege: mita 2 kwa upande mmoja, maana watu wetu hupakia kreti za mikate, madumu na mkaa, na guta ni pana. Njia ya pande mbili inataka mita 3. Mstari wa rangi hautenganishi chochote. Ndani ya wiki umekuwa maegesho.

Kwenye vilima, upande wa kupanda ndio uwe mpana, kwa kuwa anayepanda anayumba na mara nyingi anashuka kusukuma. Anayeshuka anakwenda kasi ya magari. Na kwenye kituo cha mwendokasi au cha daladala dai mahali pa kufungia baiskeli penye mlinzi na paa, hata kwa malipo kidogo. Asiye na uhakika wa kuikuta baiskeli yake ataiacha nyumbani.

Hatua ya 10: Mama lishe, wamachinga na bodaboda

Njia yenye watu huvuta biashara. Mkiipanga kama vile hawapo, wataikalia yote. Kaeni nao kabla ya kuchora. Pale upana unaruhusu, tengeni ukanda wa mita 1.5 upande wa ukuta kwa meza, wenye mpaka wa pevingi za rangi tofauti, na kikundi chao kiwe na mtu wa kusimamia mstari huo. Faida yao ni kubwa pia: wateja wanaotembea husimama, wa gari hupita. Na macho yao usiku yanalinda kuliko kamera.

Bodaboda ni gumu zaidi, na watu huahidi suluhisho lisilokuwepo. Upenyo unaopitisha kitimwendo hupitisha pikipiki pia. Nguzo zilizoachana mita 1 zitazuia bajaji na gari, si bodaboda. Kwa hiyo fanyeni mambo mawili: wapeni kijiwe rasmi karibu na kituo, nje ya njia ya miguu, na mkubaliane na uongozi wa kijiwe hicho adhabu yao wenyewe kwa anayepanda juu. Kisha hakikisheni barabara haijabanwa na maegesho, maana bodaboda hupanda njia ya miguu pale lami inapokwama.

Hatua ya 11: Ikamateni njia kwenye urasimishaji

Kama mtaa wenu uko kwenye urasimishaji wa makazi, achaneni na yote na mwende mkautazame mchoro. Hapo ndipo kila mwenye kiwanja anakubali kuachia kipande, na kampuni ya upimaji huchora barabara za gari kwanza. Vile vichochoro vya watu wa miguu mlivyovichora kwenye hatua ya pili hupotea hapa, kimya kimya, kwa kumezwa na viwanja. Dai kila kichochoro kinachounganisha shule, maji au kituo kiandikwe kwenye mchoro kikiwa njia ya umma, mita 3 kwenda juu. Mchoro ukishaidhinishwa na hati zikitoka, kukipata tena ni kulipa fidia au kwenda mahakamani. Nimeona mtaa ambako watoto huzunguka kilomita nzima kwa sababu ya ukuta mmoja uliojengwa kihalali kabisa.

Hatua ya 12: Ingieni kwenye bajeti kwa wakati

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na Bunge hupitisha bajeti kati ya Aprili na Juni. Ombi linaloletwa Mei limechelewa. Lipitisheni kwenye mkutano wa mtaa Septemba, liingie kwenye vipaumbele vya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, yaani utaratibu wa wananchi kupanga vipaumbele vyao wenyewe, lifike Kamati ya Maendeleo ya Kata ifikapo Oktoba au Novemba, na nakala iende TARURA ili iingizwe kwenye makisio yao. Muhtasari wa kikao uliosainiwa ni muhimu kuliko barua nzuri.

Ambatanisheni ukurasa mmoja wa hesabu ya watu, ramani ya hatari, picha nne, na orodha ya vipimo. Kama barabara inajengwa upya, ombi lisiwe mradi mpya. Liwe mstari ndani ya mkataba ule ule, maana greda na mkandarasi tayari wapo. Jiji la Nairobi lilipotoa sera yake ya usafiri wa miguu na baiskeli mwaka 2015 liliahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa kazi hii. Muulizeni diwani wenu, kwenye kikao na mbele ya watu, asilimia yetu ni ngapi.

Pevingi zinaweza kufyatuliwa na vikundi vya vijana, wanawake na wenye ulemavu kupitia ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Fedha inabaki mtaani, na vijana waliofyatua hawataacha mtu azing'oe.

Hatua ya 13: Simamieni ujenzi

Ombeni nakala ya mchoro na chagueni wasimamizi watatu wenye futi. Wapime upana wazi, kimo cha ukingo, mteremko kwenye vivuko, na kama kalavati limeongezwa upana pande zote mbili. Kosa likionekana kabla ya zege kukauka ni mazungumzo; baada ya hapo ni faili. Wakati wa ujenzi wenyewe dai njia ya muda yenye uzio, kwa maana mashimo yaliyoachwa wazi kwa miezi huumiza watoto wale wale mnaowajengea.

Pandeni miti upande wa jua la mchana, mashimo yakiwa na nafasi ya kutosha mizizi isiinue pevingi, na matawi yakatwe yasishuke chini ya mita 2.5. Njia isiyo na kivuli saa 8 mchana haina watu.

Hatua ya 14: Matunzo na hesabu ya pili

Gawaneni: kila nyumba izoe mchanga wa mbele yake, kikundi cha mtaa kifungue na kusafisha mifuniko kabla ya vuli na kabla ya masika, yaani Septemba na Februari. Baadhi ya maeneo TARURA hutumia vikundi vya kijamii kwa matengenezo madogo ya barabara. Ulizeni kama kwenu inawezekana, ili kazi hiyo ilipwe. Rangi ya zebra hufutika haraka kwenye vumbi, kwa hiyo iwekwe kwenye makisio ya kila mwaka. Pevingi moja iliyozama irudishwe wiki hiyo hiyo, kwani maji huingia hapo na kuzibomoa za jirani.

Miezi sita baada ya kukamilika, rudini kwenye hesabu. Kaeni pale pale, saa zile zile, kwa fomu ile ile, na mchukue pia kumbukumbu za polisi na zahanati. Tazameni watoto wameongezeka au la, baiskeli zimeongezeka au la, na kama watu bado wanavukia mahali tofauti na kivuko. Kama wanavukia kwingine, kivuko ndicho kihamishwe. Pelekeni karatasi ya kabla na ya baada kwenye kikao cha kata kinachofuata, pamoja na jina la njia ya pili mnayotaka kuanza.